Kamba ya Kona kwa Kona

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kwanza. Wenye simu, zigeuzeni kifudifudi. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, maana maharage yaliiva kabla ya mtihani na baba yangu akaona mtihani unaweza kungoja. Nikikosea herufi, rekebisheni kimoyomoyo. Nikikosea hesabu, njooni hapa Kasulo mniambie, na mje na kamba.

Nataka kuwaeleza habari za nyumba hii ninayoandikia ndani, ambayo nusura iwe msambamba, yaani mstatili uliolala upande. Najua neno hilo mnalijua, limo kwenye vitabu vyenu. Mkwe wangu naye alilijua. Kulijua hakukumzuia kulijenga.

Kwetu zamani nyumba ilikuwa duara. Baba yangu alipotaka kujenga msonge alichomeka kigingi kimoja katikati, akafunga kamba, akashika ncha yake akazunguka huku akikwaruza ardhi kwa kijiti. Akifika alipoanzia, ramani imekwisha, na watu wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Sijasikia hata siku moja kwamba msonge wa fulani umepinda. Duara halina kona, na pasipo kona fundi hana mahali pa kufichia kosa.

Baadaye tukahamishiwa vijijini, mimi nikiwa nimeolewa juzijuzi. Tukaambiwa nyumba ya duara ni ya ushamba, mtu wa maendeleo hulala katika pembe nne. Sawa. Lakini katika mikutano yote ile, na ilikuwa mingi, hakutokea hata mmoja wa kutuambia pembe nne zinapimwaje. Tukachukua akili ya msonge tukaipeleka kwenye mstatili. Kamba ile ile, kuzunguka kule kule, ila vigingi sasa vinne. Mume wangu alihesabu hatua kumi mbele, kumi nyuma, saba huku, saba kule, akasimama katikati ameshika kiuno kama mkuu wa wilaya aliyekuja kuzindua kisima. "Sawa kwa sawa!" akasema. Nyumba ikajengwa. Ukipanda kilimani ukaitazama kwa juu, ilikuwa kama kasha la kiberiti lililokanyagwa upande. Na za majirani vivyo hivyo, kijiji kizima makasha ya kiberiti yaliyokanyagwa, kila moja limeelemea kwake. Kwa kuwa zote zilipinda, hakuna aliyeona iliyopinda.

Wakati ule tuliezeka kwa nyasi, na nyasi husamehe. Ukipungukiwa huku unaongeza fungu, ukizidi kule unakata. Bati halisamehe. Hilo nawaomba mlishike, maana ndiyo habari yenyewe.

Nyumba ile ya mume wangu ilinifaa mpaka masika yaliyopita, ukuta wa nyuma ulipokaa chini wenyewe mchana kweupe, bila hata kuniaga. Nikahamia jikoni. Nililala pale miezi yote ya kiangazi, mimi, mafiga matatu na mbuzi wawili wanaocheua kwa sauti. Jiko lenyewe paa lake lilikuwa chujio. Kila mtu alijua kwamba mvua za vuli zikinikuta mle nitalowa, na kifua changu hakipendi maji. Mwanangu anayefanya kazi ya kugomboa mizigo ya malori forodhani Rusumo akaleta bati. Zilitosha nyumba ya mita nane kwa sita, na hapakuwa na la ziada. "Mama," akaniambia, "hizi ndizo. Zikipungua, tutaonana mwakani." Akarudi kwenye malori yake.

Basi ilibaki kujenga kabla ya mvua, na fundi alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu.

Hapa ndipo penye mwiba. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawaitani majina, hawali chungu kimoja, na mmoja hamkemei mwenzake. Akija asubuhi hunisalimu amenipa mgongo, "Shikamoo mama," nami huitikia marahaba nikiutazama mgomba. Ni heshima nzuri kabisa. Imezuia ugomvi mwingi katika nyumba nyingi. Lakini haikutungwa kwa ajili ya watu wanaojengeana nyumba.

Tena huyu mkwe si fundi wa kubahatisha. Alimaliza kidato cha nne, na alikuwa amejenga nyumba za wageni kule Nyakanazi, pale malori yanapolala. Moja ya hizo naijua kwa kusikia. Ina chumba ambacho kitanda hakikubali kugusa ukuta wa kichwani na wa ubavuni kwa pamoja, na mwenye nyumba huwaambia madereva kuwa huo ndio mtindo wa sasa. Ningepaswa kuelewa onyo. Sikuelewa.

Siku ya kwanza alikuja na futikamba, vigingi na mfuko mtupu wa saruji aliochora juu yake ramani. Ramani ilikuwa safi, nawaapia. Mstatili ulionyooka kuliko sura ya padri. Halafu akaanza kuuhamishia ardhini. Ukuta wa mbele aliufuatisha na barabara. Wa ubavuni akaufuatisha na mstari wa migomba yangu. Sasa, barabara ilikatwa na greda na migomba niliipanda mimi nikifuata mteremko, na mimi na greda hatukuwahi kushauriana. Lakini alipopima alipata mita nane mbele, nane nyuma, sita huku, sita kule. Akapiga makofi kutoa vumbi.

Nilikuwa nimeketi mlangoni kwa jiko, nasuka mkeka wa mafunjo. Nikatazama vile vigingi, nikaona havikai sawa. Mtu aliyesuka mikeka miaka yote hii hulijua umbo linaloteleza. Lakini nitamwambiaje mkwe? Palikuwa na kuku wangu mmoja mwekundu anaparua karibu na kigingi. Nikamsemesha yeye.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti ya kufika ng'ambo, "mbona kona ile ya kwenye migomba imekimbia?"

Mkwe, mgongo kwangu, akamjibu kuku huyo huyo. "Kuku, mwambie mama nimepima kila upande mara mbili. Zinazotazamana ziko sawa. Huo ni mstatili, na mstatili haukimbii."

"Kuku, muulize, mafundi wa siku hizi hupima pande tu?"

"Kuku, mwambie mama nilisoma mpaka kidato cha nne."

Kuku akanya juu ya kigingi akaondoka. Mpaka leo naona alikuwa ametoa jibu bora kuliko sote.

Mjukuu wangu, binti wa huyo fundi, alikuwa likizo, yuko kidato cha pili. Nikamwita nikamwambia alete daftari la hesabu anisomee mstatili ni nini. Akasimama wima kama yuko mbele ya darasa, akakariri bila kufungua daftari: "Mstatili ni umbo lenye pande nne, pande zinazotazamana zikiwa sawa!"

"Soma, usiimbe," nikamwambia.

Akafungua. Akasoma taratibu. Baada ya yale maneno palikuwa na mengine: na pembe zake zote nne ni pembemraba.

"Haya mengine mbona hukuyaimba?"

"Bibi, darasani tunaimba wote. Tukifika pale mwalimu anakuwa ameshageukia ubao."

Mnaona? Nchi nzima inajua nusu ya mstatili, ile nusu ya mwanzo. Mkwe wangu aliiimba zamani zake, na mwanawe anaiimba sasa, na mkia wa wimbo umemezwa na mwalimu yule yule wa kugeukia ubao, au ndugu yake.

Nikamtuma binti avunje matete manne, mawili marefu yanayolingana, mawili mafupi yanayolingana, ayafunge kona kwa nyuzi za ganda la mgomba. Akafunga. Akaliweka chini, mstatili mzuri.

"Sukuma kona moja kwa kidole."

Akasukuma. Likalala upande kama mlevi.

"Pima pande."

"Bibi, pande ni zile zile!"

"Ulitaka zibadilike? Nani amezikata? Sasa niambie kilichobadilika."

Akakaa akalitazama, analisukuma na kulirudisha. Kisha akasema, polepole, kwamba kona mbili zimekaribiana na mbili zimeachana. Akasema shuleni mstari wa kutoka kona hadi kona unaitwa ulalo, na kwamba ulalo mmoja umefupika na mwingine umerefuka.

"Mimi nauita kona kwa kona," nikamwambia, "lakini uite ulalo kama hilo ndilo lina alama kwenye mtihani."

Ndivyo tunavyofanya na mikeka. Mkeka wa mafunjo ukiufunga kwa kulegea hulala upande, na kingo zake zote zinabaki na urefu ule ule. Mjinga hupima kingo akaupeleka sokoni. Mnunuzi mwenye akili huja na uzi, anaunyosha kona kwa kona, huku na huku. Uzi ukizidi upande mmoja, anakurudishia mkeka wako mbele ya watu. Mimi nilirudishiwa mmoja nikiwa bado binti. Mara moja inatosha.

Nikamwambia afunge tete la tano, kona kwa kona. Akasukuma tena, umbo likakataa.

"Umetengeneza nini hapo?"

"Pembetatu mbili, Bibi." Akacheka. "Pembetatu haisukumiki!"

"Mafiga yapo matatu tangu enzi, hukuwahi kujiuliza? Haya, mpelekee baba yako."

Akaenda. Nikamsikia baba mtu akicheka na vibarua wake. "Naona huko mnajenga banda la panya." Akampa maji akayapeleke kwenye udongo. Binti akarudi na umbo lake mkononi, uso umemshuka. "Bibi, amesema nisimfundishe kazi."

Hapo ningesimama nikasema. Sikusimama. Msingi ukachimbwa, mawe yakapangwa, tofali za kuchoma zikaanza kupanda safu juu ya safu, kozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku nne nilikaa pale mlangoni naona kosa linapanda kozi baada ya kozi, nanyamaza. Niliwaambia waliouliza kwamba ni ukwe. Ulikuwa ukwe, sikatai. Lakini pia kulikuwa na kitu kidogo ndani yangu kilichotaka mwenye kidato cha nne aumbuke mbele ya bati. Nawaambia hilo msije mkadhani bibi yenu ni mtakatifu. Ni mtu anayeweza kungoja mpaka alowe mwenyewe ili aonekane alikuwa sahihi.

Kilichoniamsha ni wingu. Siku ya tano lilisimama upande wa Rwanda, jeusi, likakaa hapo saa nzima kama linasoma ramani, kisha likaondoka. Siku zote za kulala jikoni zikanirudia akilini, mbuzi na kifua na yote. Nikawaza kona ya chumba changu, ile ya kwenye migomba, ambapo kitanda kingekaa. Nikawaza bati zilizonyooka zikishuka juu ya nyumba iliyolala upande, zikizidi kona hii na kupunguka kona ile. Ile ya kitanda changu.

Nikachukua mkeka wangu, uliokwisha, niliokwisha kuunyoosha na kuupima kwa uzi. Nikavuka mpaka kwenye ujenzi. Vibarua wawili wakaacha kukoroga. Nikaingia katika kile kitakachokuwa chumba changu, nikautandika, ukingo mrefu nikaubana kwenye ukuta wa mbele, kona nikaisukuma mpaka mwisho. Kwenye ukuta wa ubavuni mkeka ukagusa kwa kona moja tu. Kutoka hapo ukaachana na ukuta, pengo likipanuka kama mdomo wa mtu anayetaka kucheka, mpaka mwisho wake likatosha kiganja na vidole.

Mkwe alikuwa amesimama nyuma ya ukuta, mgongo kwangu. Kuku hakuwepo.

"Mwanangu," nikasema. "Geuka."

Vibarua wakatazamana. Nadhani hata yeye alidhani hakusikia vizuri.

"Geuka unitazame. Nimechoka kuongea na kuku."

Akageuka. Miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kujua kwamba ana kovu dogo juu ya jicho. Akautazama mkeka, maana kunitazama mimi kulimshinda.

"Mama, mkeka wako umepinda."

"Upindue."

Akaupindua, chini juu. Pengo likabaki pale pale, mdomo ule ule. Mkeka ungekuwa umepinda, kwa kupinduliwa ungeukimbilia ukuta badala ya kuukimbia. Hilo nilimwachia alione mwenyewe. Aliliona. Lakini mtu aliyesoma haangushwi na mkeka.

"Nilipima, mama. Nane, nane, sita, sita."

"Najua. Kwenye hizo hukukosea hata kidogo. Lete kamba."

Futikamba alikuwa ameiacha kwake siku hiyo. Nikamwambia binti awafungue mbuzi wote wawili, alete kamba zao. Tukaziunga. Mkwe akashika ncha moja kwenye kona moja ya barabarani, mimi nikaenda na nyingine mpaka kona ya nyuma inayotazamana nayo, tukaivuta juu ya kozi zote. Nikafunga fundo pale ilipoishia. Kisha tukahamia kona zile nyingine mbili. Akashika, nikavuta. Nikafika ukutani na kamba bado haijakwisha. Mkia wa karibu mikono miwili mizima, kutoka ukutani mpaka kwenye fundo, ukabaki unaning'inia kwenye kiganja changu.

Niliunyanyua autazame. Kibarua mmoja ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Loo, fundi. Hapa si nyumba, hapa ni barabara inapokata kona."

Mkwe alikuja mpaka nilipo. Akalishika lile fundo, akaliachia. Akatazama kona ya kwenye migomba, juu, mahali ambapo bati lingefika na mahali ambapo lingeishia.

"Mama," akasema, "pale pangevuja."

"Pale ndipo pa kitanda."

"Najua." Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Ungeniambia siku ya kwanza."

"Nilikwambia. Ulimjibu kuku."

"Ungeniambia hivi."

Alikuwa na haki.

Wakati huo wote mbuzi walikuwa huru, na walikuta ule mfuko wa saruji wenye ramani. Tulipogeuka walikuwa wamekula mstatili wote, umebaki ukingo mmoja wa mita sita. Binti alicheka mpaka akakaa chini, na baba yake, baada ya kukasirika kidogo, akacheka naye.

Ukuta wa mbele haukuguswa. Ule wa nyuma na kuta zote mbili za ubavuni walizivunja, wakausogeza wa nyuma kuelekea kando, mkono mmoja na kidogo, wakichomeka na kuchomoa vigingi, mimi nashika ncha moja na mkwe ncha nyingine, fundo nikilifungua na kulihamisha kila mara, mpaka likaja kukaa kwenye kona huku na kukaa kwenye kona kule. Wala hakuna upande uliobadilika urefu. Nane zikabaki nane, sita zikabaki sita. Ila sasa kila kona ilikuwa pembemraba, na binti akaniambia kwa furaha kwamba pembe nne za tisini ni mia tatu na sitini. Nikamuuliza na ile iliyolala upande ilikuwa ngapi. Akahesabu vidole na kalamu, akashangaa: mia tatu na sitini vilevile. Kwa sababu, akasema, kila umbo la pande nne ni pembetatu mbili, hata likipinda. Basi hata jumla ya pembe haiwezi kukuambia nyumba imenyooka. Vitu vingi vinaweza kuwa sahihi na bado ukalowa.

Walifanya kazi kila siku, hata Jumapili baada ya misa. Bati zikapanda juu ya kenchi, zile mbao za kubebea paa, zikakaa kona zote nne kama kifuniko kwenye sufuria yake. Mvua ya kwanza ilikuja mchana wa saa tisa, siku ya pili tangu msumari wa mwisho. Nilikaa kitandani nimeitazama kona ile mpaka mvua ikakatika. Kona haikutoa hata tone.

Kwa kuwa nilikuwa nimemkemea mkwe usoni, mila inataka nimpoze. Nikampelekea kuku yule mwekundu, mzima, amefungwa miguu. Alimpokea amenipa mgongo, kama inavyotakiwa. "Asante mama," akasema. "Huyu tumeshazoeana."

Binti aliporudi shule aliulizwa mstatili ni nini. Akaandika yote, mpaka mkia, akaongeza kwamba ulalo wake mmoja hulingana na mwingine. Mwalimu akamwekea alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Bado tunangoja jibu.

Juma lililofuata nikaona mkwe anachomeka vigingi vinne vya banda la kuku, na mjukuu mwingine ananyoosha mkono kuichukua ile kamba akafungie mbuzi. Nikawaita wote uani, binti yangu, mume wake, watoto wao, hata vibarua waliokuja kula. Nikasema:

"Kamba hii inakaa kwenye msumari huu juu ya mlango, na fundo lake la nyumba hii lisifunguliwe. Yeyote atakayechomeka vigingi vinne kwenye uwanja wangu, hata vya kuku, ataishusha apime kona kwa kona, huku na huku, kabla ya kuchimba. Atakayeona kosa atalisema siku hiyo hiyo, usoni, awe mkwe asiwe mkwe. Na mbuzi watafutieni kamba nyingine."